Gemu, hela na hakimiliki: maswali ambayo machalii wa Arusha na Moshi hawachoki kuuliza

Maswali haya yamekusanywa kwenye mabanda ya gemu ya Ngarenaro, Sakina na Kwa Mrombo, kule Moshi pande za Majengo na Pasua, na kwenye magrupu ya WhatsApp ambako kila wiki mtu mpya anauliza kitu kilekile. Mengine ni ya wazazi, mengine ya wenye mabanda, na siku hizi mengi yanatoka kwa vijana wanaotengeneza pachi na modi, yaani mafaili ya kuongeza timu, jezi au magari kwenye gemu. Ruka uende kwenye lako, pale jibu lilipo sehemu nyingine tumekuelekeza. Msimamo wetu ni mmoja: kijana wa hapa anayekula kupitia gemu anastahili kujua kipi ni chake na kipi ni cha mtu kabla hajaweka mtaji, asije akajua siku amefungiwa akaunti.

## Hela inatoka wapi na inaenda wapi

Kama Free Fire na eFootball ni za bure, hawa jamaa wanakula wapi?

Wanauza vitu vya ndani: skini, daimondi, koini, pasi za msimu, miondoko ya kudansi. Wengi wanacheza miaka bila kutoa hata mia, ila wale wachache wanaotoa wanatoa kweli kweli. Nyaraka za kesi ya Epic, wenye Fortnite, na Apple zilionyesha Fortnite iliingiza zaidi ya dola bilioni 9 kwa miaka miwili tu, 2018 na 2019, na kuipakua ni bure. Soko zima la gemu duniani limevuka dola bilioni 180 kwa mwaka na karibu nusu yake inatoka kwenye simu, ndio maana hata Konami mwaka 2021 waliachana na jina la PES tulilokua nalo wakaleta eFootball isiyolipiwa.

Kinachotuuma hapa ni zile pakiti ambazo unalipa kwanza alafu ndio unaona umepata nini. Ubelgiji mwaka 2018 walisema hiyo ni kamari, na Januari 2019 EA, waliokuwa wanatengeneza gemu ya FIFA, wakaacha kuuza FIFA Points, koini za kununulia pakiti hizo, nchini humo. Mzazi, dogo akikuomba hela ya gemu muulize kwanza ananunua kitu anachokiona au anabahatisha, hilo swali litakusaidia kuliko kumnyang'anya simu.

PS4 ilikuwa inashuka bei, mbona PS5 inapanda?

PS4 ilitoka 2013 kwa dola 400, mwaka 2016 ile nyembamba ikaja kwa 300. PS5 yenye sehemu ya CD ilitoka Novemba 2020 kwa dola 500, na Agosti 2025 kule Marekani ikapandishwa ikafika 550. Zamani chipu zilikuwa zinapungua gharama kadiri zinavyozidi kuwa ndogo, siku hizi hazipungui hivyo, na juu yake kuna ushuru na mambo ya uchumi. Sisi huku tunaongezewa usafiri, forodha na kupanda kwa dola. Gemu zenyewe nazo zilitoka dola 60 zikawa 70 kuanzia 2020, na Nintendo mwaka 2025 wakaiweka Mario Kart World kwa 80.

Kwa hiyo kama unasubiri PS5 ishuke ndio ufungue banda, usisubiri. PS4 ya mtumba iliyo nzima bado inajaza benchi, wateja wengi wanataka mpira tu.

FIFA ilienda wapi? Mbona siku hizi wanaandika FC?

EA na FIFA waliachana. Walikuwa pamoja tangu 1993, ya mwisho yenye jina lile ni FIFA 23, na Septemba 2023 ikatoka EA Sports FC 24. Ugomvi ulikuwa hela. Gazeti la New York Times mwaka 2021 liliripoti kwamba FIFA walitaka zaidi ya dola bilioni 1 kwa kila mzunguko wa miaka minne wa Kombe la Dunia, EA wakapiga hesabu wakaona wanacholipia ni jina na Kombe la Dunia tu.

Maana hapa ndio watu wengi wanachanganya: FIFA hawamiliki Arsenal wala sura ya Haaland. Majina na sura za wachezaji wengi zinapatikana kupitia FIFPRO, chama cha wachezaji cha dunia, ligi ina mkataba wake, klabu ina wake, uwanja unaweza kuwa na wake. EA walibaki na hiyo mikataba yote ndio maana ulipoweka FC 24 uliona kila mtu yupo. Waliocheza PES ya zamani wanakumbuka Liverpool ilikuwa inaitwa Merseyside Red na Chelsea inaitwa London FC, na kwenye FIFA 20 Juventus ikawa Piemonte Calcio kwa sababu Konami walikuwa wamesaini na Juve peke yao. Kila jina la ajabu uliloliona kwenye gemu ya mpira nyuma yake kuna mkataba uliokosekana. Hili lishike, litarudi kwenye swali la pachi ya Ligi Kuu.

Nikinunua gemu ya kudanlodi inakuwa yangu?

Hapana, unakuwa umenunua ruhusa ya kuicheza, na ruhusa inaweza kuisha. CD unaweza kumuuzia mshikaji, kumuazima au kuiweka rehani, ya kudanlodi inakufa na akaunti yako.

Mfano mbaya kuliko yote ni The Crew ya Ubisoft. Ilitoka 2014, tarehe 31 Machi 2024 wakazima sava, na kwa sababu gemu ilikuwa haiendi bila sava hata waliokuwa na CD mkononi wakabaki na plastiki. Hapo ndipo mwanaYouTube Ross Scott akaanzisha kampeni ya Stop Killing Games, ikapata saini zaidi ya milioni 1 Ulaya mwaka 2025. California nao Septemba 2024 walisaini sheria kwamba duka la mtandaoni lisimwambie mteja kwamba ananunua bila kumweleza wazi kuwa anapewa leseni, na Steam, duka la gemu za kompyuta, wakaweka tangazo hilo pale kwenye malipo.

Sisi tunaona wale wa kampeni wana haki kabisa. Mtu wa Unga Limited anajinyima, anapiga bando la mamia ya GB usiku kucha, alafu baada ya miaka kampuni inaamua imechoka. Angalau waache njia ya kucheza bila sava.

Kuna jamaa anauza akaunti ya PSN, mtandao wa PlayStation, yenye gemu kibao kwa bei ya kutupa. Nichukue?

Usichukue. Akaunti haihamishiki kwa masharti ya Sony, na mwenye email ya kwanza na risiti za kwanza anaweza kuirudisha kwake muda wowote. Wewe utabaki na password isiyofungua kitu, na huna pa kulalamika.

Game Pass na PS Plus zinalipa?

Hizo ni huduma za kulipia ili ucheze gemu nyingi bila kununua moja moja. Kama una intaneti ya faiba isiyokata na unacheza gemu nyingi tofauti, zinalipa. Kama unatumia bando la simu na mwaka mzima unacheza FC peke yake, nunua CD. Kumbuka pia bei hazitulii: Oktoba 2025 Game Pass Ultimate kule Marekani ilitoka dola 20 ikaenda 30 kwa mwezi kwa mpigo mmoja.

Mbona makampuni yananunuana kwa mabilioni alafu yanafukuza watu?

Microsoft waliinunua Activision Blizzard kwa dola bilioni 68.7, dili likafungwa Oktoba 2023, na Januari 2024 wakapunguza watu 1,900 kwenye upande wa gemu. Septemba 2025 EA nao walitangaza kuuzwa kwa dola bilioni 55 kwa kundi la wawekezaji likiwemo la serikali ya Saudi Arabia. Gemu kubwa moja siku hizi inatengenezwa miaka mingi kwa hela nyingi mno, ikianguka inaanguka na watu. Concord ya Sony ilitoka tarehe 23 Agosti 2024 na tarehe 6 Septemba ikaondolewa sokoni, wiki mbili tu. Ukiona kila mwaka unaletewa mwendelezo wa gemu ileile, ujue ni uoga huo.

## Hakimiliki yenyewe

Hakimiliki inalinda nini hasa ndani ya gemu?

Inalinda kile kilichotengenezwa: msimbo wa programu, michoro, wahusika, muziki, sauti, maandishi ya hadithi, ramani. Hailindi wazo wala kanuni za mchezo. Wazo la watu 100 kushuka kisiwani na kuuana mpaka abaki mmoja ni la kila mtu, ila kile kisiwa chenyewe, zile sare, ile menyu, vina mwenyewe.

Kwa Tanzania bara sheria ni ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya 1999, Sura ya 218. Haki inaanza pale kazi inapotengenezwa, kwa kawaida inadumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa. Na usiseme hii ni gemu ya Japani hainihusu, Tanzania imo kwenye Mkataba wa Berne tangu 1994, kwa hiyo kazi ya Mjapani inalindwa hapa na yako inalindwa kwao.

Nembo na hataza nazo ni hakimiliki?

Ni vitu tofauti. Jina na nembo ni alama ya biashara, kwa bara unasajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Hataza inalinda namna kitu kinavyofanya kazi, na ndiyo inayoweza kufika mpaka kwenye uchezaji wenyewe, sehemu ambayo hakimiliki haifiki. Namco walikuwa na hataza ya kuweka kagemu kadogo wakati gemu kubwa inapakia, ilikuwa yao mpaka 2015. Warner nao mwaka 2021 walipata hataza ya ule mfumo wa Middle-earth: Shadow of Mordor ambapo maadui wanakukumbuka na kupandishana vyeo. Hataza ina faida kwa mwenye nayo lakini kwa gemu sisi tunaiona ni kufunga milango ya wengine, yaani mfumo mzuri kama ule umekaa tu.

Free Fire waliiba PUBG?

Krafton, wenye PUBG, wanasema ndiyo. Januari 2022 waliwashtaki Garena, wenye Free Fire, huko California, wakawaunganisha na Apple na Google kwa kuiuza. Walilalamikia vitu vingi kwa pamoja: mwanzo wa kuruka na ndege, silaha, majengo, rangi, mpaka lile kikaango la kujikinga risasi. Ona mbinu yao: hawakudai wanamiliki wazo, maana wangechekwa, walidai ule mkusanyiko wa vitu vidogo vidogo vikikaa pamoja unakuwa kazi yao.

Kabla ya hapo, Januari 2018, watu wa PUBG waliwashtaki Epic kule Korea kwa ajili ya Fortnite, Juni mwaka huohuo wakaiondoa kesi wenyewe. Wakawashtaki NetEase wa China pia, ikaishia kwenye makubaliano. Kesi hizi mara nyingi haziishi kwa hukumu, zinaisha mezani, ndio maana wale mnaobishana kwenye magrupu nani kashinda hamtapata jibu.

Sasa mpaka uko wapi? Lini inakuwa kuiga na lini inakuwa wizi?

Angalia kesi mbili. Capcom waliwashtaki Data East kwamba Fighter's History imeiga Street Fighter II, na mwaka 1994 wakakosa kwa kiasi kikubwa, mahakama ikaona ngumi, mateke na mitindo ya kupigana iliyozoeleka sio mali ya mtu.

Ya pili ni Tetris. Alexey Pajitnov aliitengeneza Moscow mwaka 1984 akiwa mfanyakazi wa taasisi ya serikali ya Urusi ya Kisovieti, haki zikawa za serikali, na yeye mwenyewe hakuanza kulipwa mrabaha mpaka 1996. Miaka baadaye kampuni ya Xio ikaleta kwenye iPhone gemu inaitwa Mino na wakajitetea wazi kabisa kwamba walichunguza sheria na wakachukua kanuni tu. Mwaka 2012 mahakama ya New Jersey ikawakatalia: kanuni ya vipande kushuka na mstari kufutika ni huru, lakini wao walichukua mpaka upana na urefu wa ubao, muonekano wa vipande, kivuli cha mahali kipande kitakapotua, ukiziweka picha mbili pamoja huwezi kujua ipi ni ipi. Hicho ndicho kipimo tunachowaambia vijana, weka skrinishoti mbili mezani muulize mtu asiyecheza gemu.

Alafu kuna yale ambayo sheria haifiki ila yanauma tu. Threes, gemu ya kuunganisha namba, ilichukua zaidi ya mwaka kutengenezwa, ikatoka Februari 2014, mwezi uliofuata gemu inayofanana nayo iitwayo 2048 ikaja bure kabisa na dunia nzima ikaijua 2048.

Palworld na Pokémon je?

Kila mtu alidhani itakuwa kesi ya hakimiliki kwa sababu ya wale viumbe wanaofanana na wa Pokémon. Palworld ilitoka Januari 2024, Septemba mwaka huo Nintendo na The Pokémon Company wakaenda mahakama ya wilaya ya Tokyo, lakini kwa hataza, tatu, na fidia waliyoomba ni yeni milioni 10 tu jumla pamoja na zuio. Hela ndogo, zuio ndio lenye nguvu. Pocketpair, wenye Palworld, wakaanza kubadilisha gemu kesi ikiwa bado inaendelea: Novemba 2024 wakaondoa ile ya kurusha tufe ili kumuita kiumbe, Mei 2025 wakagusa namna ya kupaa.

Kuna siku mkubwa alishtaki akaumbuka?

Ndiyo. Universal waliwashtaki Nintendo mwaka 1982 kwamba Donkey Kong ni King Kong. Mwanasheria wa Nintendo, John Kirby, akaonyesha kwamba Universal wenyewe miaka ya nyuma walikwenda mahakamani kudai hadithi ya King Kong ni ya umma ili waitumie bure. Wakashindwa, na rufaa pia wakashindwa.

## Mabanda ya gemu

Nina PS tatu na TV, nachaji kwa mechi. Navunja sheria?

Tukuambie ukweli ulivyo. Leseni ya gemu za PlayStation ni ya matumizi binafsi yasiyo ya biashara, na sheria yetu inampa mwenye kazi haki ya kuamua kuhusu kuikodisha na kuionyesha kwa umma. Kwa karatasi, banda linahitaji ruhusa ambayo hakuna anayekuja kuiuza hapa Arusha. Japani mwaka 2018 polisi walikamata wenye baa za gemu kule Kobe na Kyoto kwa jambo hilohilo. Sisi tunasema wenye gemu ndio wa kulaumiwa kwanza, maana banda ndilo limewafundisha watoto wa Kaloleni na Soweto ya Moshi kuipenda FC, wangeweka leseni nafuu ya mabanda watu wangelipa.

Wewe kwa upande wako fanya unachoweza: leseni ya biashara ya halmashauri, TIN, CD halali zenye risiti. Na watoto wa shule wasiwepo saa za masomo, hilo ndilo linaloleta mwenyekiti wa mtaa mlangoni.

PS iliyochipiwa, ile unajaza gemu zote bure?

Hiyo sasa haina ubishi, ni kuvunja ulinzi na kutumia kopi haramu, na ukifanyia biashara unajiweka pabaya zaidi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 nayo ina kifungu cha haki miliki. Nje huko mambo ni makali: Gary Bowser wa kundi la Team Xecuter lililokuwa linauza vifaa vya kuchipia Nintendo Switch alihukumiwa miezi 40 jela Februari 2022 huko Marekani na akabebeshwa madeni ya mamilioni ya dola. Fundi anayechipia hapa mjini anajiona mdogo, lakini kazi ni ileile.

PPSSPP kwenye simu je? Mbona iko Play Store?

Kwa sababu ni emyuleta, programu inayoifanya simu icheze gemu za PSP, na emyuleta yenyewe ni programu halali. Mahakama za Marekani zilishakubali hilo kwenye kesi ya Sony na Connectix mwaka 2000, na Apple nao waliruhusu emyuleta mwaka 2024. Tatizo ni faili la gemu unalopewa na mshikaji kwa Xender au Telegram, hilo ni kopi. Yuzu, emyuleta ya Switch, iliponzwa na hapo: Nintendo walidai inavunja funguo za ulinzi na inasaidia wizi, kesi ikafunguliwa Februari 2024, Machi wakakubali kulipa dola milioni 2.4 na kufunga.

Wateja wangu wanacheza kwa dau, mimi nachukua asilimia. Shida iko wapi?

Umetoka kwenye gemu umeingia kwenye michezo ya kubahatisha, hiyo ina Bodi yake na leseni yake kwa Sheria ya mwaka 2003, na mtoto chini ya miaka 18 haruhusiwi kabisa. Mashindano yenye kiingilio na zawadi uliyoitangaza mapema fanya, ila andika masharti na uulize Bodi kabla hujabandika matangazo.

## Pachi, modi na kwenda laivu

Nimetengeneza pachi ya Ligi Kuu yenye Simba, Yanga na wengine, watu wanaidanlodi balaa. Naweza kuiuza?

Kwanza hongera, kazi zile ni ngumu, mtu anachora jezi moja moja na sura za wachezaji kwa simu ya laki mbili. Lakini hesabu wenye mali waliomo humo: mwenye gemu, klabu wenye nembo na jezi, wadhamini waliopo kifuani, mchezaji mwenye sura yake, na ukiweka ule ubao wa matokeo wa kwenye TV basi na kituo cha televisheni. Rudi kwenye swali la FIFA uone EA wanavyolipia vipande hivyohivyo. Ukiigawa bure bado huna haki kisheria, ila mara nyingi wanakuacha. Ukianza kupokea M-Pesa ndio unaonekana.

Njia tunayoipenda sisi ni kwenda klabuni na kazi mkononi. Anza na timu ndogo ya mkoa, waonyeshe jezi yao ikiwa ndani ya gemu, omba barua. Barua moja ya ruhusa ina thamani kuliko daunlodi elfu. Dream League Soccer yenyewe inaruhusu kuingiza jezi kwa linki, hapo angalau mwenye gemu hana neno, unabaki na klabu tu.

Na modi za mabasi kwenye Bus Simulator Indonesia?

Hapa mko sehemu nzuri zaidi kwa sababu Maleo, wenye gemu, waliweka wenyewe mlango wa kuingiza magari na rangi za nje. Kwa hiyo basi la Arusha–Dar ulilolichora toka mwanzo ni kazi yako na ina hakimiliki yako. Jina na nembo ya kampuni ya basi ubavuni bado ni vyao. Na acheni kuchukua modi ya mwenzako, kufuta jina lake, kuweka lako na kuiuza buku mbili, hilo ndilo lalamiko namba moja kwenye magrupu na ni wizi uleule mnaosema wazungu wanawafanyia.

Nikienda laivu nacheza gemu huku napiga bongofleva, kwa nini video inabanwa?

Gemu yenyewe kampuni nyingi zinaruhusu, Nintendo ambao walikuwa wakali walitoa mwongozo wa kuruhusu Novemba 2018. Muziki ndio unakukamatisha. Ukidaiwa na mfumo wa Content ID wa YouTube hela ya matangazo inaenda kwa mwenye wimbo lakini chaneli inabaki, ukipigwa onyo rasmi la hakimiliki mara tatu ndani ya siku 90 chaneli inaweza kufungwa. Zima muziki, au muombe msanii wa mtaani akupe ruhusa ya maandishi, wapo wengi wanaotafuta pa kusikika. Na usionyeshe mwisho wa gemu za hadithi alafu ukaziwekea matangazo: Japani mwaka 2023 mtu alihukumiwa miaka miwili yenye kuahirishwa pamoja na faini kwa video za namna hiyo.

Miondoko ya kudansi na tatuu navyo vina hakimiliki?

Tatuu ndiyo. Catherine Alexander alimchora mwanamieleka Randy Orton, gemu za WWE 2K zikazionyesha, mwaka 2022 baraza la mahakama likampa dola 3,750. Mchoraji mwingine aliyewashtaki wenye gemu haohao akakosa 2024. Kudansi ni kugumu zaidi: Alfonso Ribeiro na 2 Milly walishtaki Fortnite 2018, mwaka uliofuata wakaziondoa kesi baada ya Mahakama Kuu ya Marekani kusema lazima usajili kwanza. Ila Kyle Hanagami, mtunzi wa miondoko ya kudansi aliyeishtaki Fortnite, alifufuliwa kesi yake na mahakama ya rufaa Novemba 2023. Mwondoko mmoja sio mali, mtiririko mrefu uliopangwa unaweza kuwa.

## Wanaotengeneza gemu zao

Nina wazo kali la gemu, naogopa nikilisema wataniibia. Nilisajili wapi?

Wazo halisajiliwi, tumeshasema. Litengeneze. Hata dakika mbili zinazochezeka, michoro, hadithi iliyoandikwa, hivyo vina ulinzi siku hiyohiyo. Ukitaka karatasi, COSOTA, ofisi ya hakimiliki, wanasajili, na ingawa sio lazima cheti kinakusaidia siku ya kuthibitisha nani alianza. Tunza pia mafaili yenye tarehe.

Tumetengeneza watatu, mmoja anachora, mmoja anaandika msimbo, mmoja katoa hela. Gemu ni ya nani?

Hili ndilo linalovunja urafiki kuliko kesi zote za Nintendo. Aliyechora ana haki kwenye michoro, aliyeandika msimbo ana haki kwenye msimbo, aliyetoa hela bila mkataba hana hakimiliki yoyote, ana deni la kudai. Kuhamisha haki kunahitaji maandishi. Andikeni ukurasa mmoja leo kabla gemu haijaingiza kitu, nani anapata asilimia ngapi, akiondoka mtu kazi yake inabaki au anaondoka nayo, sainini wote na shahidi mmoja. Kama umeajiri mtu kwa mkataba wa kazi, haki za kiuchumi kwa kawaida ni za mwajiri, lakini mchoraji uliyempa kazi ya mara moja usidhani hivyo.

Nikitumia AI kuchora na kuandika?

Marekani Machi 2025 mahakama ya rufaa ilisisitiza kwamba kazi isiyo na mtunzi binadamu haina hakimiliki, maana yake mtu akiichukua picha ile huna nguvu ya kumzuia huko. Steam tangu Januari 2024 wanataka useme kama umetumia. Sauti za watu usiziguse bila ruhusa, waigizaji wa sauti za gemu Marekani waligoma kuanzia Julai 2024 kwa jambo hilo.

Hadithi za jadi kama ya Kibo na Mawenzi naweza kuziweka kwenye gemu?

Ngano yenyewe, Mawenzi anaenda kuomba moto kwa Kibo mpaka anapigwa mchi, haina mtunzi mmoja anayeweza kukudai mrabaha. Ila sheria yetu ina sehemu inayolinda sanaa na ngano za jadi, kwa hiyo kwa biashara wasiliana na BASATA na utaje ilikotoka. Kitabu kilichoandika ngano hiyo kina mwenyewe, usinakili maneno yake, nenda Marangu au Machame ukasikilize wazee. Na tunawasihi mfanye hivi. Tales of Kenzera: ZAU iliyotoka Aprili 2024 imejengwa juu ya simulizi za Kibantu na unaweza kuicheza kwa sauti za Kiswahili, na ilitengenezwa Uingereza. Za kwetu zikitengenezwa hapa zitakuwa na sauti za bibi zetu.

Kuweka gemu sokoni ni shilingi ngapi?

Play Store dola 25 mara moja, na akaunti mpya ya mtu binafsi lazima uwe na watu 12 wa kujaribu gemu kwa siku 14 mfululizo, hao utawapata bandani jioni moja. Steam ni dola 100 kwa kila gemu. Kisha wanakata kwa asilimia: Steam 30, Google 15 kwa dola milioni 1 ya kwanza ya mwaka, Epic 12 ukishavuka dola milioni 1 kwa mwaka. Hiyo 30, ambayo Apple nao walikuwa wanakata, ndiyo Epic walianza kupigania nao Agosti 2020, na Aprili 2025 jaji Yvonne Gonzalez Rogers alisema Apple wamekaidi amri yake, Fortnite ikarudi kwenye iPhone za Marekani mwezi uliofuata. Kwa injini, yaani programu ya kutengenezea gemu, tumia Godot, ni huru moja kwa moja. Unity mwaka 2023 walitangaza kutoza kila gemu inapowekwa kwenye kifaa, watu wakachachamaa, mwaka mmoja baadaye wakaifuta.

Arusha tuna mahakama za kimataifa, naweza kumshtaki mtu wa nje aliyeiba gemu yangu pale?

Hapana. Mahakama ya Afrika Mashariki inashughulika na mkataba wa Jumuiya, na ile ya Afrika inashughulika na haki za binadamu dhidi ya nchi. Kama mwizi yuko Tanzania unaanzia COSOTA kwa usuluhishi kisha mahakama zetu za kawaida. Kama yuko nje na gemu iko Play Store au Steam, njia ya haraka ni fomu ya kuondoa kazi iliyoibwa iliyopo kwenye duka lenyewe, haina malipo, unajaza linki ya gemu yake, linki ya yako, na kuthibitisha kwamba wewe ndiye mwenye kazi. Yale mafaili yenye tarehe yaweke tayari kabla hujaanza kujaza, maana aliyeiba anaruhusiwa kupinga.